Kitabu Kilicholiliwa na Mji Mzima

Mji mzima wa Amu, ndiyo Lamu, ulikililia kitabu kile, ila mimi. Nasema ulikililia kwa maana yake hasa: machozi, kamasi na ncha za leso. Wanaume walikisoma barazani baada ya Alasiri, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza, na ikifika pale mahali penye kilio wote waligeuza nyuso wakatazama ukuta. Wachukuzi wa gatini waliitana kwa majina ya watu wa kitabuni. Jirani yetu alikuwa na punda mkaidi, habebi mawe mpaka apigiwe kelele. Akampa jina la shujaa wa hadithi, na tangu hapo, kwa kiapo cha jirani, punda akawa mtiifu. Mimi nilikuwa nikimsikia kila asubuhi akipigiwa kelele zile zile.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nami nina miaka kumi na sita. Nakala zilizofika kutoka Mombasa hazikuzidi tano, kwa hivyo kitabu kilikwenda kwa zamu kama sufuria kubwa ya harusi. Sisi wanawake tulikisikia kabla ya kukiona. Kila alasiri majirani walikusanyika ghorofani kwetu kushona kofia, na mwenye kukisikia kwa mumewe au kwa nduguye aliwasimulia wengine. Sindano zilisimama. Mwanamke mmoja alijidunga kidole akatia doa la damu kwenye kofia ya watu, akasema si kitu, yule maskini wa kitabuni amepata makubwa zaidi. Mimi nilikuwa nikiwatilia maji na kusikiliza. Nilikitamani kitabu kile mwaka mzima.

Kusoma herufi za Kizungu nilijifunza kwa kuibia. Kaka yangu alikuwa akirudi na vitabu vyake vya skuli, akikaa mkekani kudurusi, nami nikikaa mbele yake nikishona. Nilizijua herufi zote zikiwa miguu juu, na mpaka leo naweza kukusomea ukurasa ulioupindua. Herufi za Kiarabu nilifundishwa kwa haki, na babu yangu mzaa baba, aliyekuwa na vitabu vya dini vimejaa zidakani, vile vishubaka vya ukutani. Vitabu vile pambizo zake zote zilikuwa zimeandikwa. Mwanachuoni mmoja kapinga, wa pili kamjibu, wa tatu kageuza kitabu akaandika kwa upande kwa kukosa nafasi. Hayo ndiyo yanayoitwa hashiya. Babu aliniambia kuwa kitabu chenye pambizo nyeupe ni kama mgeni aliyeingia nyumbani asisemeshwe na mtu. Nilimwamini, na maneno hayo ndiyo yaliyotaka kunikosesha mume.

Maana mwaka ule nilikuwa nimeposwa. Mposaji alikuwa mwalimu wa skuli kule Faza, kijana wa mtaani kwetu, na nyumba ya mama yake ilikuwa ng'ambo ya kichochoro chetu. Nyumba mbili zile ziliungana kwa wikio, kile kijia cha juu kinachopita juu ya kichochoro ili wanawake waendeane bila kushuka ndiani. Yeye mwenyewe nilimwona mara moja tu, kwa ufa wa mlango. Alikuwa amembebea mama yake kikapu cha samaki, na samaki mmoja kaponyoka, naye anamkimbiza kwenye mchanga huku anacheka peke yake. Sikumwambia mtu, lakini tangu siku ile nilimtaka. Nilikuwa nikiomba dua asije akabadili nia.

Basi mwisho wa mwezi mmoja alikuja Amu na mashua, na akanipelekea kitabu. Kilipita kwa wikio mkononi mwa mama yake, mavyaa wangu wa kesho, mwanamke mrefu, mkimya, ambaye hata akina mama wenzake walikuwa wakivuta leso vizuri akiingia. Alikuja na salamu za mwanawe: nikisome, kisha nimwambie moyo wangu umesema nini. Mama yangu alikipokea kwa mikono miwili. Washona kofia walinitazama kwa husuda. Kitabu cha mji mzima, na kimeletwa kwangu, na kimeletwa na yeye.

Nilikisoma kwa siku tatu. Siku ya kwanza nilisema hadithi haijakolea. Siku ya pili nilisema labda kosa ni langu, nasoma upesi mno. Siku ya tatu nilikimaliza, nikakiweka mapajani, nikakaa kama mtu aliyeambiwa biriani imeiva akafunua akakuta wali mkavu.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kijana wa nyumba njema anaoa, kisha anasafiri. Mkewe anakaa dirishani miaka saba akimngoja, chakula chake tende na maji. Mume anarudi kajivika matambara ya mwombaji, ili amjaribu mkewe kama bado ni mwaminifu. Mke anamfungulia mlango, hamtambui, lakini anamhurumia, anampa pete yake ya mwisho akauze ale. Hapo mume anavua matambara, mke anauona uso wake, anaanguka na kufa kwa furaha. Mume analia kurasa kumi na moja. Kwisha.

Nilitaka kulia, wallahi. Nilirudia kurasa zile, nikajifinya paja mpaka likawa jekundu, chozi halikutoka. Kilichotoka ni hasira, na hasira kwangu haikukawia hata zama zile. Nilichukua kalamu yangu ya mwanzi na kidau cha wino wa masizi, nikafungua ukurasa wa kwanza. Kwa akili yangu nilikuwa nafanya adabu. Mtu wa elimu ameniletea kitabu, ameniuliza moyo wangu umesema nini, na pambizo ni nyeupe pe. Nikamwandikia hashiya.

Niliandika kwa herufi za Kiarabu, ndogo ndogo, kama za babu. Penye dirisha niliandika: dirisha lipi hili la mwanamke wa heshima kukaa miaka saba, la ndiani? Penye tende: na hana shangazi, hana jirani, hata mmoja wa kumletea bakuli la mchuzi? Pale mume anapozungumza naye nusu siku naye hamtambui: mimi babu yangu namjua kwa kikohozi akiwa bado kichochoroni. Na mwisho, kwenye ukurasa ule waliokuwa wakiulilia watu wote, niliandika sentensi moja, kubwa kuliko nyingine: aliyeondoka ni yeye, mbona anayepimwa ni aliyebaki?

Wino ulipokauka nikakifunga, nikakipeleka mwenyewe kwa wikio, nikamkabidhi mavyaa. Nilirudi nimejaa fahari. Nilimsimulia mama yangu nilichofanya, nikingoja anisifu.

Mama alikaa chini. "Umeandika ndani ya kitabu cha watu?"

"Ni hashiya, mama."

"Hashiya huandikwa na mashekhe kwenye zitabu za dini! Mtoto wa kike ampelekea mposaji wake ubishi, na wino juu yake!" Alishika kichwa. "Na mamake? Mamake yuwasoma Kiarabu kuliko wewe!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimemfikiria mwalimu peke yake. Sikukumbuka kabisa kwamba mama yake, kama wanawake wengi wa umri wake, alikuwa hajui hata herufi moja ya Kizungu, lakini ya Kiarabu akiisoma kama anavyokunywa maji. Kitabu chenyewe hakuweza kukisoma. Alichoweza kukisoma ndani yake ni maneno yangu tu, yote, tangu la kwanza hadi la mwisho.

Siku nne wikio ulikuwa kimya. Mwalimu alikuwa kesha rudi Faza. Mama alifunga mdomo, na washona kofia walipouliza kama nimekipenda kitabu alijibu yeye, haraka haraka, kwamba nimelia nusura niugue. Mimi nilikuwa juu darini nikianika nguo zilizokwisha kauka. Posa ikirudishwa Amu, mtu haulizi mwanamume ana nini. Anaulizwa msichana, na asipoulizwa mbele yake ataulizwa nyuma. Lakini sitasema uongo, lililoniuma si watu. Nilikuwa nikimwona akimkimbiza yule samaki.

Siku ya tano, asubuhi, mavyaa alikuja. Kitabu alikuwa kakifunika kwa leso. Alimwomba mama yangu atupishe, na mama akatoka akiwa ananitazama kama mtu anayemwacha mtoto hospitalini.

"Ndoo hapa, mwanangu. Keti." Alifungua ukurasa ule wa mwisho, akaweka kidole kwenye sentensi yangu kubwa. "Haya umeandika wewe?"

"Ndiyo, Bi. Nisamehe."

"Nani aliyekwambia uandike hivi?"

"Hapana mtu, Bi. Ni moyo wangu tu. Yeye alisema nimwambie moyo wangu."

Nilimwona anapapasa ile sentensi kwa kidole, polepole, kutoka kulia kwenda kushoto, kama anaisoma mara nyingine. Kisha akasema, "Kitabu hiki mwanangu amenisomea mara tatu. Mara tatu nimelia. Wayua nimelilia nini?"

"Siyui, Bi."

"Hasira."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea kwa sauti ile ile ya chini, bila ya kunitazama.

"Babake alisafiri akenda Kismayu, akakaa miaka minne. Aliporudi hakuya kwangu. Alishukia kwa nduguye, nyumba ya pili na hii yangu, akakaa siku tatu ndani kwa siri. Yuwauliza: mke wangu alikaaje? Ni nani alokuwa akiingia? Mke wa nduguye akatuma kwangu kuazima mbuzi ya kukunia nazi, asema wana mgeni. Nami nikatoa. Siku tatu nazi ya mume wangu yakunwa kwa mbuzi yangu, nami siyui. Siku ya nne ndipo akabisha mlango."

"Ukafanyaje, Bi?"

"Nikamfungulia. Ningefanyaje? Mbuzi ilirudi, na yule shemegi yangu hakuweza kunitazama mato. Nikayua. Sikumwambia mume wangu neno, hata siku alipokufa. Ali mume mwema kwa mengine." Alikunja leso, akaikunjua. "Sasa sikiza. Mwanangu ali mtoto wa miaka sita. Yeye siku ile akumbuka mlango ukifunguka, babake akiingia na furushi la halua. Hana siku aipendayo kama ile. Kitabu hiki kwake ni mlango ule. Haya yako yakimfika atayaelewa, ana akili. Ataanza kuuliza."

Nikamwambia nitayafuta. Tulijaribu, yeye akilowesha ncha ya leso na mimi nikishika karatasi, lakini wino wa masizi ulitapakaa ukawa kama mtoto kapangusa mikono ya makaa. Herufi zilibaki zikisomeka chini yake. Tulitazamana. Na hapo, mwanamke yule ambaye mtaa mzima haukuwahi kumwona meno, alianza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega yanatikisika, mpaka machozi yakamtoka. Nami nikacheka, kwa woga kwanza, kisha kwa kweli.

"Na tende!" akasema akijipangusa. "Miaka saba! Tumbo lake lalikuwa la nini?"

Mwalimu aliporudi mwisho wa mwezi, mama yake alimwambia kwamba kitabu kimemponyoka kikaanguka ndani ya birika la maji ya kuogea, kikaharibika, akakitupa. Aliapa kwa mkono wake mwenyewe uliozeeka na usioshika vitu vizuri, mkono ambao mwezi ule ule ulikuwa ukitia uzi kwenye sindano bila miwani. Mwanawe alihuzunika sana, lakini alimbusu mkono ule. Aliagiza nakala nyingine Mombasa. Nami niliulizwa moyo wangu umesema nini, na mavyaa akanijibia: msichana amekaa na kitabu siku tatu usiku na mchana. Hilo lilikuwa kweli. Kitabu cha kwanza kilikaa chini kabisa sandukuni mwake, ndani ya kanga, pamoja na udi.

Tukaoana. Sitayasimulia ya harusi, kila mtu na yake. Mume wangu alikuwa kama nilivyomwona kwa ufa wa mlango, mtu wa kucheka peke yake, na nikampenda zaidi ya nilivyoomba. Alikuwa na kosa moja tu. Kila likizo ya skuli, akirudi kutoka Faza, alikuwa lazima atusomee kitabu kile. Alasiri, baada ya kahawa, alikaa kwenye kiti chake, sisi wawili mkekani, bega kwa bega, migongo ukutani. Alisoma vizuri. Alibadilisha sauti, ya mume, ya mke, ya mwombaji, na alipofika penye mlango kufunguka alikuwa akipunguza sauti kila mara, kama hakujua kinachokuja.

Na kila mara, penye tende, nilihisi vidole viwili vikinifinya paja chini ya leso. Vilikuwa vidole vya mavyaa. Penye dirisha alinifinya. Penye pete alinifinya mpaka nikauma mdomo. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu msikitini, na machozi yake yanateremka kwa wakati wake hasa. Mimi nilificha uso ndani ya leso, mabega yananitikisika, na mume wangu alikuwa akisoma kwa huruma zaidi akiona tunavyolia. Lakini kwa upande wangu alikuwa hadanganyiki sana. Mara nyingine alifunga kitabu akanitazama. "Mama kinamuingia," alikuwa akisema. "Wewe bado. Wewe walia kwa juu juu."

"Mimi moyo wangu mgumu," nikimjibu.

"Iko siku," akisema, na kunishika kidevu.

Niliishi naye mavyaa miaka sita. Watu walisema nina bahati, kwa sababu mavyaa na mkaza mwana wa nyumba nyingine walikuwa wakirushiana vifuniko vya sufuria. Hawakujua kilichotuunganisha. Tukiwa peke yetu jikoni, nikikuna nazi, mara nyingine alikuja akasimama mlangoni akaitazama ile mbuzi. Nilikuwa namwambia, "Bi, leo hatuna mgeni wa siri," naye alikuwa akicheka kile kicheko chake kisicho na sauti. Siku moja hakucheka. Alisema, "Miaka ishirini nalikuwa nadhani ni mimi peke yangu ningaliuliza lile swali." Kisha akaenda kutawadha.

Alipougua hakuugua sana. Siku zake za mwisho alinituma sandukuni, akanipa kitabu ndani ya kanga yake. "Kitwae wewe. Asikione." Kisha, kwa kuwa alikuwa vile alivyokuwa, akaniuliza kama tende zimebaki. Alifariki siku ya Alhamisi, kabla ya Adhuhuri, mkono wake umo mikononi mwa mwanawe.

Arubaini ilipokwisha, mume wangu alikuwa mtu asiyejua akae wapi. Aliingia chumba hiki akatoka kile. Mvua ya alasiri ilikuwa inanyesha, baraza ziko tupu, na nikamwona anakwenda kidakani anakitoa kitabu. Hakuniuliza. Alikaa kwenye kiti chake, nami nikakaa mkekani, mahali pangu, nikaacha mahali pa mavyaa.

Alisoma. Mke akakaa dirishani. Nikangoja. Akala tende. Nilikuwa nimekwisha kuubana mwili wangu, kama nilivyozoea, kwa ajili ya vidole viwili, na vidole havikuja. Nilitazama mkeka. Akaendelea kusoma, akafika kwenye matambara, akafika kwenye pete, na mimi nilikuwa nimeshika paja langu kwa mkono wangu mwenyewe. Alipofika pale mume anapovua matambara mbele ya mkewe, nilimwona mwanamke mrefu amesimama mlangoni kwake anatoa mbuzi ya nazi, anasema haya chukueni, na mgeni wenu karibu.

Nikalia. Nililia kwa sauti, bila leso, kama mtoto aliyepotea sokoni. Sikuweza kukoma. Mume wangu alishuka kitini akaja mkekani, akakaa pale mahali pa mama yake, akanikumbatia, naye machozi yanamtoka. Nilihisi anatikisika, na nikajua kuwa katikati ya huzuni yake amepata furaha kidogo, ya kwanza tangu mazishi.

"Leo kimekuingia," akasema sikioni mwangu. "Hatimaye. Nilimwambia mama, iko siku."

Nilikuwa na neno mdomoni. Nilikuwa nalo tangu siku ile ya wino. Nikamtazama uso wake, uso wa mtoto wa miaka sita anayengoja mlango ufunguke.

"Ndiyo," nikamwambia. "Kimeniingia."

Akajipangusa macho kwa kiganja, akakichukua kitabu, akarudi nyuma kurasa mbili ili anisomee tena.